Mkataba hausainiwi usiku

Nikifika kwenye kituo kipya cha dharura, kabla sijaomba kuonyeshwa wodi huwa naomba kuonyeshwa mahali vibarua wanapoandikishwa. Wenyeji wangu hushangaa kidogo. Wanamtarajia mtu wa kazi yangu aanze na mabango ya ukutani, au aulize ni wafanyakazi wangapi wameshapata mafunzo ya maadili. Mimi nataka kuiona ile meza. Nani anaikalia? Yuko peke yake au wako wawili? Orodha ya waliopata kazi inabandikwa wapi, na aliyekosa anamwuliza nani?

Nilianza kazi nikiwa muuguzi, baadaye nikahamia upande wa kuzuia na kushughulikia unyanyasaji wa kingono unaofanywa na sisi wenyewe tunaokwenda kutoa huduma. Kesi nilizopitia hazifanani, ila karibu zote zilikuwa na mtu mmoja aliyepewa uwezo wa kutoa au kunyima kitu pasipo mwingine kuona. Mara nyingi kitu hicho ni kazi. Wakati mwingine ni dawa, nafasi kwenye foleni, kadi ya mgao, au gari la kumpeleka mgonjwa hospitali ya rufaa. Mwanamke anaambiwa fomu zake ziko sawa, imebaki saini tu, aje jioni pale bosi alipofikia. Hakuna aliyemkamata mkono. Lakini nyumbani kuna watoto, na jirani yake ameshapokea mshahara wa kwanza. Anajua pia kwamba nyuma yake wamesimama wengine hamsini wanaoitaka nafasi hiyohiyo.

Kiswahili kina jina zuri la jambo hili: rushwa ya ngono. Nalipenda kwa sababu linamweka mwenye cheo mahali pake, kwamba yeye ndiye anayedai. Miongozo yetu inaliita unyonyaji wa kingono, yaani kutumia unyonge wa mtu, tofauti ya nguvu, au imani aliyokupa, ili ujipatie ngono. Pale mwili unapoingiliwa kwa nguvu, au katika mazingira ambayo mtu hakuwa na namna ya kukataa, tunasema ni ukatili wa kingono. Halafu kuna udhalilishaji baina yetu wenyewe kazini, ambao si jambo dogo hata kidogo: wanawake ni karibu asilimia 70 ya wahudumu wa afya duniani, lakini katika vyeo vya juu wanashika takriban robo tu. Muuguzi kijana anayelala kambi moja na msimamizi anayeandika tathmini yake hayuko mbali sana na yule mama wa kwenye foleni.

Mfano ambao kila anayefanya kazi hii anapaswa kuujua ni wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini humo ulitangazwa Agosti 2018 huko Kivu Kaskazini, ukaenea hadi Ituri, ukatangazwa kuisha Juni 2020. Uliua zaidi ya watu 2,200. Fedha nyingi ziliingia, wageni wengi wakaingia, na kazi za muda zikamwagika katika eneo lililochoshwa na vita: usafi, upishi, udereva, uhamasishaji wa jamii. Septemba 2020 waandishi wa habari wakachapisha simulizi za wanawake zaidi ya 50 wa Beni, mji wa Kivu Kaskazini, waliosema walidaiwa ngono ili wapate kazi hizo au wasifukuzwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaunda tume huru iliyoongozwa na wanawake wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa Kongo. Ripoti yao ilitoka Septemba 2021. Iliwataja watuhumiwa 83, na 21 kati yao waliajiriwa na WHO. Kulikuwa na madai tisa ya ubakaji. Kuna wanawake waliobaki na mimba.

Nimeisoma ripoti ile zaidi ya mara moja, na yanayonikaa moyoni ni mambo yanayoonekana madogo ya utawala. Vibarua walichukuliwa bila ushindani wa wazi. Mafunzo ya kuzuia unyanyasaji yalikuja mlipuko ukiwa umeshapita mwaka mzima. Na kulikuwa na mvutano kuhusu neno moja, "mnufaika". Kwa tafsiri iliyokuwa ikitumika, mnufaika ni yule anayepokea msaada. Sasa mwanamke ambaye hakuwa mgonjwa wala hakupewa chakula, anayeomba kazi tu, ni mnufaika wa nini? Kwa hoja ya namna hiyo, lalamiko zima liliweza kuwekwa pembeni na mtu aliyekaa ofisini mbali. Sera mpya ya WHO ya Machi 2023 iliuziba mwanya huo kwa kutumia neno moja pana, mwenendo mbaya wa kingono, bila kujali kama aliyetendewa ni mgonjwa, mwombaji kazi, jirani wa kambi au mfanyakazi mwenzetu. Iliondoa pia ukomo wa muda wa kulalamika. Kama shirika lako bado linaanza uchunguzi kwa kuuliza "je, alikuwa mnufaika wetu?", sera yenu imepitwa na wakati, nawe una haki ya kusema hivyo kikaoni.

Wala Kongo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2002 ilitoka taarifa kuhusu kambi za wakimbizi za Guinea, Liberia na Sierra Leone, ambako watoto walitumiwa kingono na watoa misaada kwa biskuti, sabuni na karatasi za plastiki za kuezekea. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka ambao bado ndio msingi wetu: hakuna ngono na mtu wa chini ya miaka 18, na kusema "nilidhani amefikisha" si utetezi; hakuna kubadilisha fedha, kazi, bidhaa wala huduma kwa ngono; na ukishuku, unawajibika kutoa taarifa. Kuhusu mahusiano na watu tunaowahudumia, waraka ule ulisema tu kwamba hayashauriwi kabisa. Mwaka 2019 mashirika ya kibinadamu yalikaza kanuni zao za pamoja: uhusiano wowote wa kingono unaotumia vibaya cheo au nafasi ni marufuku.

Hapo ndipo mafunzoni hunyanyuka mkono. Daima kuna kijana atakayeuliza: na kama amekubali mwenyewe? Na kama tunapendana kweli? Huwa namjibu kwa swali: angekukataa leo, kesho angepoteza nini? Kama jibu ni kazi, dawa, au hata hofu tu ya kuvipoteza, basi ile "ndiyo" yake hujui ilitoka wapi, na huna namna ya kujua. Wewe unaweza kuwa na nia safi kabisa, na yeye bado akawa hana mlango wa kutokea.

Sasa turudi kwenye ile meza, maana huko ndiko kinga ilipo. Mabango nayabandika, sikatai. Lakini bango halijawahi kumzuia mtu mwenye orodha ya majina mfukoni na asiyeulizwa na yeyote. Kinachomzuia ni utaratibu. Usaili ufanywe na watu wawili au zaidi, angalau mmoja mwanamke, mchana, mahali panapoonekana. Sifa za kazi, muda wa mkataba na malipo vibandikwe hadharani kwa lugha ya wenyeji, pamoja na sentensi moja isiyozunguka: kazi hii hailipiwi, si kwa fedha wala kwa mwili, na mkataba hausainiwi usiku wala nyumbani kwa mtu. Nimeona sentensi hiyo ikifanya kazi kuliko warsha ya siku mbili, kwa sababu inampa mwanamke kitu cha kunyooshea kidole.

Dereva wa gari la kukodi, mlinzi wa kampuni, mpishi wa zabuni, wote waingizwe kwenye kanuni zilezile, na mkataba wa kampuni yao useme wazi kitakachofuata wakikiuka. Kwa mwenyeji aliye nje ya lango, kila aliyevaa fulana yenye nembo yetu ni sisi.

Chumba cha matibabu nacho kina mambo yake, na hapa nazungumza kama muuguzi. Uchunguzi wa sehemu za siri, matiti au njia ya haja kubwa unataka mtu wa tatu chumbani, mfanyakazi aliyefunzwa, wa jinsia anayoitaka mgonjwa kadiri inavyowezekana. Mgonjwa aelezwe kwanza nini kitafanyika na kwa nini, aambiwe anaweza kusema basi wakati wowote, avue kile tu kinachohitajika, afunikwe. Katika dharura watu hunijibu kwamba wahudumu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Lakini mgonjwa wa kipindupindu au mama mwenye uchungu hajui kipi ni utabibu na kipi si utabibu. Anachojua ni kwamba tumemwambia alale. Mtu wa tatu anamlinda yeye, na anamlinda mhudumu mwaminifu pia.

Kisha inakuja siku ambayo kinga imeshindwa na mtu amefika mbele yako. Kwanza ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, kisha zimezwe siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, ya pepopunda kama kuna majeraha, na kuna kukaa naye. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachopaswa kusubiri fomu ya polisi. Nimewahi kumpokea binti aliyezungushwa siku mbili akitafuta muhuri, na alipofika kwangu muda wa baadhi ya dawa ulikuwa umebaki kidogo sana. Tulimpa palepale, fomu ikafuata baadaye.

Pili, usimchunguze. Kazi yako ni kusikiliza, kutibu, kuandika alichosema kwa maneno yake na ulichokiona mwilini mwake. Usimwite mtuhumiwa umsikie na yeye, usiende kwa jirani kuthibitisha, usimwulize kwa nini alikwenda. Wakuu wa vituo wenye nia njema wameharibu kesi nzima kwa kumwita mtuhumiwa "tuyamalize kifamilia". Kufikia jioni mashahidi wote walikuwa wameshatishwa.

Jambo linalonisumbua zaidi, na ambalo sitadai limepata suluhisho, ni mgongano wa wajibu wawili. Kama mhudumu wa afya nimeapa kutunza siri ya mgonjwa. Kama mfanyakazi wa shirika ninawajibika kutoa taarifa nikisikia mwenzangu amemtendea mtu hivi. Manusura naye ana haki ya kuamua kama anataka lalamiko au anataka dawa tu aende zake. Njia niliyoishika ni kumweleza kabla hajataja jina. Humwambia hivi: "Dada, akiwa ni mtu wa kazini kwetu, mimi nina wajibu wa kuwaambia wakubwa kwamba jambo limetokea. Jina lako sitalitaja bila ruhusa yako. Na matibabu utapata vyovyote utakavyoamua." Wengine hunyamaza hapo, nami huheshimu ukimya huo na kuendelea na matibabu. Wengi husema. Nadhani husema kwa sababu, kwa mara ya kwanza tangu yatokee, kuna mtu aliyewaambia mapema mambo yatakwendaje.

Njia za kulalamika zinahitaji macho ya mwenyeji. Nimekuta sanduku la maoni limepigiliwa kwenye kibanda cha mlinzi, na mlinzi ndiye aliyekuwa analalamikiwa. Nimekuta namba ya bure ya simu katika eneo ambalo simu ya familia hukaa na mume. Waulize wanawake wenyewe wangemwambia nani, kwa lugha gani, wakati gani wa siku. Mara nyingi watamtaja mkunga. Basi mfundishe mkunga.

Kesi ikifunguliwa, usimwache manusura gizani. Uchunguzi huchukua miezi; WHO yenyewe ilijiwekea lengo la siku 120. Katika kipindi hicho yeye yuko palepale, anakutana na magari yetu kila asubuhi. Mimi hupanga kumwona au kumpigia kwa siku tuliyokubaliana hata kama sina jipya la kumwambia. Mmoja nilimfikishia habari kwamba mtuhumiwa amefukuzwa kazi baada ya miezi saba. Hakushangilia. Aliniuliza kama mtu yule ataajiriwa kwingine.

Nilimweleza kilichopo. Tangu 2018 Umoja wa Mataifa una kanzidata iitwayo ClearCheck, inayoweka majina ya waliothibitika kutenda, na pia ya walioondoka uchunguzi ukiwa haujaisha. Tangu 2019 mashirika mengi yasiyo ya kiserikali yamejiunga na mpango wa kuulizana: mwajiri mpya anawauliza waajiri wa miaka mitano iliyopita kama mtu huyu alipatikana na kosa la kingono. Nilimweleza pia kwamba vibarua wa muda na kampuni za zabuni mara nyingi hawapitishwi huko, kwa sababu anayeajiri ana haraka. Kwa hiyo, msomaji, kama wewe ndiye unayeajiri, hata kwa mkataba wa wiki tatu mlipuko ukiwa umepamba moto, liulizie jina la mtu unayemwajiri kabla hujamkabidhi funguo za gari.