Je, Wajua Kwa Nini Miombo Huchipua Kabla ya Mvua?

Ukipita barabara ya Itigi kwenda Tabora mwishoni mwa Septemba, utakuta jambo la kumshangaza yeyote mwenye shamba. Mvua ya mwisho ilinyesha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Nyasi zimekauka mpaka zinavunjika zikikanyagwa, vijito vimebaki mchanga mtupu, na ng'ombe wanaswagwa mbali kutafuta maji. Hata hivyo msitu umejaa majani mapya: mekundu, ya waridi, ya rangi ya shaba, mengine yakikaribia zambarau. Mgeni hudhani majani hayo yamezeeka na yako karibu kuanguka. Kumbe yana siku chache tu tangu yatoke.

Maji yametoka wapi? Na mti umejuaje kwamba wakati umefika, ilhali mvua bado iko mbali kwa wiki nne, sita, au hata zaidi?

Miombo ni miti ya jamii ya kunde, hasa ya jenasi Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, na ni jina pia la misitu ambamo miti hiyo imetawala. Misitu hiyo imetanda kuanzia Angola, ikashika sehemu kubwa ya Zambia na eneo la Katanga huko Kongo, ikaenda Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Kwa Tanzania utaikuta Tabora, Katavi, Rukwa, Kigoma, Ruvuma, Lindi na kwingineko. Karibu kote humo mwaka una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha kiangazi cha miezi mitano hadi saba. Mkulima wa pwani au wa kaskazini, mwenye vuli na masika, akikosa huku anajaribu kule. Mkulima wa miombo ana nafasi moja.

Waswahili walioko Ulaya na Amerika Kaskazini wanayajua majira ya kuchipua ya huko: baridi inaondoka, mwanga unaongezeka, machipukizi yanafunguka. Sababu yake haimsumbui mtu, kwa kuwa kilichoizuia miti ni baridi, na baridi imekwisha. Kwetu kinachoizuia miti ni kiu, na miombo inachipua kiu ikiwa imefika kileleni. Swali letu ni gumu kuliko lao.

Na bado, kwa hesabu ya jua, huo ndio wakati wake hasa. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka ikweta kuelekea kusini. Tabora, iliyo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hupata jua la utosini mapema Oktoba, na Songea, karibu nyuzi 11, hulipata baada ya tarehe 20 ya mwezi huohuo. Ukanda wa mvua hulifuata jua, lakini huchelewa nyuma yake kwa wiki kadhaa. Katika pengo hilo, jua likiwa limeshafika na mvua ikiwa bado njiani, ndipo miombo inapofanya kazi yake.

Tuanze na maji. Udongo wa juu, ule unaofikiwa na mizizi ya mahindi na nyasi, umekauka kabisa ifikapo Agosti. Lakini mizizi ya miombo huzama zaidi ya mita 5, na huko chini unyevu wa mvua za mwaka uliopita bado upo. Halafu mti una hazina nyingine, nayo ni shina lake. Majani ndiyo yanayopoteza maji mengi zaidi, maana kila jani lina vitundu vidogo ambavyo mvuke hutokea. Mti ukishapukutisha majani yake ya zamani kati ya Julai na Septemba, upotevu huo unapungua sana, lakini mizizi haijaacha kunyonya. Maji yanayopanda hayana pa kutokea. Yanajaa kwenye shina na matawi, chembe hai zinavimba, na machipukizi yaliyokuwa yamelala yanapata msukumo wa kufunguka. Kwa hiyo kupukutika kwa majani, tunakokuona kama dalili ya mti kushindwa na ukame, ndiko kunakoufungulia njia ya kuchipua.

Jambo hili limeonekana hata kutoka angani. Vipimo vya satelaiti vinavyokadiria maji yaliyomo ndani ya mimea, vilivyochambuliwa mwaka 2018, vilionyesha kwamba katika misitu mikavu ya aina hii majani na maji ya mti havipandi na kushuka pamoja. Ukihesabu majani peke yake utasema msitu umelala, kumbe miti inajaza maji.

Saa ya kuchipua nayo inapigwa na nini? Si mvua, kwa kuwa majani hutoka bila tone kudondoka, mwaka baada ya mwaka. Ushahidi unaelekeza kwenye joto linalopanda baada ya kipupwe cha Juni hadi Agosti, pamoja na siku zinazorefuka. Mtu anaweza kusema karibu na ikweta siku hazibadiliki, na kwa macho ni kweli: Tabora, siku ndefu kuliko zote inaizidi ile fupi kwa dakika 35 tu hivi. Songea tofauti inafika saa moja na robo. Kwetu sisi ni kitu kidogo, lakini mimea mingi ina uwezo wa kupima urefu wa usiku kwa usahihi ambao sisi hatuna, na joto linalopanda linaongeza nguvu ya ishara hiyo.

Wekundu ule una sababu yake pia. Jani changa bado halina kijani cha kutosha cha kulitumia jua lote linaloliangukia, na Oktoba ndio mwezi wenye jua kali na anga isiyo na wingu. Mwanga uliozidi huunguza tishu laini. Mti hutia ndani ya jani rangi iitwayo anthosiyanini, ileile inayolipa zambarau au ua la rosela rangi yake, nayo hupunguza makali ya mwanga mpaka jani likomae. Baada ya wiki mbili au tatu kijani kinazidi na wekundu unafifia. Ndiyo maana ukichelewa kwenda msituni unaikosa rangi hiyo kabisa.

Lakini kwa nini mti uharakishe? Kwa nini usingoje mvua, utoe majani kwa raha?

Sababu moja ni wadudu. Mvua ikishanyesha, viwavi huanguliwa kwa wingi, na majani ya miombo ndiyo chakula chao. Huko Zambia na Katanga viwavi wa Novemba na Desemba ni kitoweo chenye heshima na biashara kubwa. Jani lililotoka Septemba limeshakuwa gumu wakati huo, na kiwavi mchanga hulipata kwa shida.

Sababu ya pili naiona nzito zaidi, na inamgusa mkulima moja kwa moja. Udongo uliokauka kwa miezi unapolowa kwa mara ya kwanza, vijidudu vya udongoni huamka kwa pamoja na kuvunja mabaki ya mimea kwa kasi kubwa, na naitrojeni nyingi, ambayo ni chakula cha mimea, inafunguka ndani ya siku chache. Mtafiti H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga nje kidogo ya Nairobi, alilieleza jambo hili mwaka 1958, na mpaka leo wanasayansi duniani kote wanaliita kwa jina lake. Chakula hicho hakidumu. Mvua zikiendelea, sehemu yake huzamishwa chini na maji au kuchukuliwa na magugu. Mti wenye majani tayari unakila mara moja. Mti ambao ndiyo kwanza unaanza kuchipua unakuta wenzake wameshakula.

Hapo ndipo kazi za nyumbani zinapoingia. Mkulima naye ana mbio hizohizo, na majani mekundu yanamwambia kwamba muda uliobaki ni wa kuhesabu kwa wiki. Paa la nyumba na la kihenge linaezekwa sasa, kwa nyasi zilizokatwa Juni au Julai, kwa kuwa fundi hapatikani tena mawingu yakishatanda. Tofali zilizofyatuliwa kiangazi zinachomwa na tanuri linabomolewa. Samadi inatolewa zizini na kupelekwa shambani kwa mkokoteni, imwagwe kwa marundo na kutawanywa karibu na mvua. Kuni zinakatwa na kupangwa chini ya paa, za kutosha angalau wiki za kwanza ambapo kila kitu msituni kitakuwa kimelowa. Majembe yanatiwa mipini mipya, plau na nira zinakaguliwa, mbegu zinapukuchuliwa na kuchambuliwa. Kwa walima tumbaku wa Urambo na Kaliua, vitalu vimeshaanza kumwagiliwa tangu Agosti au Septemba, ili miche ihamishiwe shambani mvua ikishashika.

Wafuga nyuki wana haraka yao. Aina nyingi za Brachystegia huchanua pamoja na majani mapya, kwa maua madogo ya kijani kibichi ambayo mpita njia hayaoni lakini nyuki wanayajua, na mninga nao hutoa maua yake ya manjano matawi yakiwa bado hayana majani. Makundi ya nyuki yanayohama hutafuta pa kukaa. Mzinga uliosafishwa, ukapakwa nta na kutundikwa mapema, ndio unaopata wenyeji.

Ng'ombe na mbuzi nao wanafaidi. Nyasi hazina lishe tena mwezi huo, na majani machanga yanayofikika kwa mdomo huwa chakula bora kuliko chochote kilichobaki malishoni.

Sasa, lipo jambo moja ambalo majani hayasemi, na hapa nadhani tunapaswa kuwa waangalifu. Mti unaposoma joto na urefu wa siku, unasoma kalenda ya jua. Hausomi bahari ya Hindi wala upepo wa mwezi ujao. Kwa hiyo majani mapya yanakuambia kwa uhakika kwamba majira yamegeuka, lakini hayakuambii mvua itakuja tarehe ngapi wala itakuwa nyingi kiasi gani. Mti unaweza kumudu kukosea wiki nne, maana una mita 5 za mizizi. Mbegu ya mahindi iliyozikwa sentimita 5 haina akiba hiyo.

Ishara za karibu zaidi ni nyingine. Dudumizi huanza kuita mara kwa mara hewa inapopata unyevu, kwa mlio kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba. Usiku unakuwa na joto zito, na mawingu ya mchana yanaanza kurundikana juu. Korongo weupe na mbayuwayu kutoka Ulaya wanaonekana. Kumbikumbi ndio wa mwisho, na wakitoka kwa wingi ardhi imeshalowa kweli, kwa kuwa mchwa wanaoanzisha kichuguu kipya wanahitaji udongo laini wa kuchimba. Pamoja na hizo kuna utabiri wa mvua za msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya Novemba kwa mikoa yenye msimu mmoja. Kuusikiliza hakuondoi thamani ya dudumizi.

Hatari ya kila mwaka ni mvua moja nzuri ya Oktoba ikifuatwa na wiki tatu za jua. Ndiyo maana wazee husisitiza kungoja mvua za kupandia, na njia yao ya kuzitambua ni ya uhakika: chimba kwa jembe uone unyevu umefika wapi. Ukiwa umeshuka sentimita 15 hadi 20, mbegu ina pa kuegemea. Ukiwa umelowesha vumbi la juu tu, rudisha mfuko ndani.

Moto ndio unaoniuma zaidi katika habari hii. Wengi huchoma mashamba na mapori Septemba na Oktoba, wakati nyasi zimekauka kabisa na majani mapya yako nje. Moto wa wakati huo ni mkali kuliko wowote, na unateketeza yale machipukizi ambayo mti umetumia akiba yake yote kuyatoa. Karibu na Ndola, Zambia, jaribio lilianzishwa miaka ya 1930 kuona tofauti. Vipande vya msitu vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki msitu. Vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyika yenye miti michache. Anayelazimika kuchoma, basi achome Mei au Juni. Anayesafisha shamba Oktoba ana njia ya kufyeka, kukusanya mabaki mahali pamoja, na kufyeka mpaka unaotenga shamba na msitu.

Faida ya msitu uliosalimika huonekana wiki chache baada ya mvua kushika, akina mama wanaporudi na vikapu vya uyoga. Mwingi kati ya huo huota kutoka kwa kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya miombo, wakiipatia miti chakula cha udongoni na kupewa sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga wa namna hiyo haulimiki bustanini, kwa sababu unahitaji mizizi hai ya miti hiyo. Msitu ukiishia kwenye tanuri la mkaa au bani la kukaushia tumbaku, nao hupotea, na unaobaki kuokotwa ni ule wa vichuguuni tu, unaolimwa na mchwa.