Kikombe hakipimi uzito: dhana potofu kuhusu vipimo vya jikoni

"Mililita moja ni sawa na gramu moja."

Dhana hii haing'oki kwa sababu ina mzizi wa kweli. Ufaransa ilipoweka kipimo cha gramu mwaka 1795, gramu moja ilielezwa kuwa ni uzito wa maji yanayojaa mchemraba wa sentimita moja kila upande, na ujazo huo ndio mililita moja. Kwa maji, basi, hesabu inakubali, na kwa maziwa inakaribia sana. Ukitoka hapo inavunjika. Mililita 100 za mafuta ya kupikia zina gramu kama 92, ilhali asali ya ujazo huohuo hufika gramu 140 hivi. Unga wa ngano ndio unaowaumiza wengi: mililita 240 zake huwa na gramu 120 hadi 150. Anayesoma "mililita 240 za unga" akapima gramu 240 ameweka unga karibu mara mbili ya unaotakiwa, kisha analaumu oveni.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya kugeuza ujazo kuwa uzito. Anayekuuliza kikombe kimoja ni gramu ngapi, mwulize kwanza: kikombe cha nini?

"Kikombe cha unga kina uzito uleule kila mara."

Hapa ndipo ningependa kila mwokaji atulie kidogo. Unga una hewa ndani yake, na hewa hiyo huongezeka au kupungua kulingana na mkono wako. Chukua kikombe, kijaze unga kwa kijiko bila kuugandamiza, usawazishe kwa mgongo wa kisu, kisha uupime: utapata gramu 120 na ushei. Sasa zamisha kikombe hichohicho ndani ya pakiti na uchote. Mizani itasoma 140, hata 150. Kikombe hakijabadilika, lakini ukihitaji vikombe vitatu tayari tofauti inaweza kupita gramu 60, na hizo zinatosha kabisa kugeuza keki laini kuwa kavu.

Mpangilio wa maneno nao una uzito wake. "Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa" maana yake chekecha kwanza, ndipo upime. "Kikombe kimoja cha unga, uchekeche" ni kinyume chake, na unga wake ni mwingi zaidi. Wengi hupita hapo bila kuona.

"Kikombe ni kikombe, popote duniani."

Sivyo. Vikombe vya kupimia vya Marekani ni mililita 237 au 240, vya Australia 250, vya Japani 200, na kile kidogo kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali ni 180. Kijiko cha chakula ni mililita 15 Marekani na Uingereza, lakini Australia ni 20. Kijiko cha chai kina afadhali: mililita 5 kwote huko.

"Wakia ni kipimo cha uzito tu."

Zipo wakia za aina mbili. Ya uzito ni gramu 28.35. Ya ujazo, inayotumika kwa vimiminika, ni mililita 29.6 kwa Marekani na 28.4 kwa Uingereza. Kikombe cha Marekani kina wakia 8 za ujazo, ila ukikijaza unga hakifiki hata wakia 6 za uzito.

"Mizani ni bora kwa kila kitu."

Mimi ni mtu wa mizani, lakini hili nalikataa. Mizani nyingi za nyumbani husoma kwa hatua ya gramu moja, kwa hiyo ukihitaji gramu 3 za hamira inaweza kukosea sehemu kubwa ya kipimo chote. Kwa viasi vidogo hivyo, kijiko kilichosawazishwa kinaaminika zaidi.

Isipokuwa chumvi, ambayo inataka tahadhari yake. Kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6 hivi, wakati chumvi ya chembe kubwa inaweza kuwa na nusu ya hapo, maana chembe zake huacha nafasi katikati. Kama resipe haisemi ni chumvi ya aina gani, anza na kidogo, onja, kisha ongeza.