Troggin: neno la wachuuzi wa Uskoti na mali iliyokwenda pande mbili

Mwaka 1796, mwaka aliokufa, mshairi wa Uskoti Robert Burns alitunga wimbo wa kampeni kwa ajili ya uchaguzi wa mbunge wa Kirkcudbright, kusini-magharibi mwa Uskoti. Alikuwa upande wa Patrick Heron, na wimbo unawararua wapinzani wa Heron bila kuhutubia hata kidogo. Anayesema ni mchuuzi aliyefungua furushi lake na kuita wateja: njooni mnunue troggin, troggin nzuri kutoka kingo za mto Dee. Kisha anatoa kitu kimoja kimoja. Hii hapa sifa ya bwana mkubwa fulani, naiuza kwa bei ya bure. Hii hapa thamani ya mwingine, inapita katika tundu la sindano.

Kamusi na maelezo ya pembeni ya vitabu hulifasiri neno hilo kwa haraka: troggin ni bidhaa za mchuuzi. Si kosa. Ila kwa sisi tunaofuatilia historia ya maneno ya biashara, tafsiri hiyo inapunja, na anayeishia hapo anaukosa utani wa wimbo wenyewe.

Tuanze na umbo lake. Mwisho wa neno, -in, ni kiambishi ambacho Kiskoti hukitumia kugeuza kitenzi kuwa nomino. Kwa hiyo kabla ya troggin kulikuwa na kitenzi, trog, ambacho ni lahaja ya troke au trock. Sauti ya k imelainika ikawa g, basi. Kitenzi hicho kinatokana na Kifaransa, troquer, na maana yake ni kubadilishana mali kwa mali. Mtu aliyefanya kazi hiyo akaitwa trogger. Kwa maneno mengine, troggin ilianza kama jina la tendo, la kukaa na mtu mkapeana vitu hadi kila mmoja aridhike, kisha jina la tendo likavishwa vitu vyenyewe vilivyokuwa vikipeanwa.

(Nimsaidie mapema msomaji anayejua truck kuwa ni lori: hilo ni neno jingine. Lori hilo huelekea linatokana na neno la magurudumu madogo, na udugu wake na troggin ni wa sura tu. Lakini Kiingereza kina truck nyingine, ya zamani, yenye maana ya kubadilishana, na hiyo ni ndugu wa damu. Tutakutana nayo tena.)

Kwa nini Waskoti wachukue neno la kubadilishana na kulifanya jina la bidhaa? Sababu kubwa ni uhaba wa sarafu. Hata baada ya muungano na Uingereza wa mwaka 1707, pauni moja ya Kiingereza ilipohesabiwa kuwa sawa na pauni 12 za Kiskoti, fedha ndogo ndogo za kununulia sindano au utepe hazikutosha. Kodi nyingi za ardhi zililipwa kwa unga na kuku. Mwanauchumi Adam Smith, mzaliwa wa Kirkcaldy huko Uskoti, aliandika mwaka 1776 kwamba kulikuwa na kijiji Uskoti ambako haikuwa ajabu kumwona fundi akienda kwa mwoka mikate au kilabuni amebeba misumari badala ya pesa. Ni Smith huyohuyo aliyedai kwamba binadamu ana silika ya kubadilishana kitu kwa kitu, na kitenzi alichokitanguliza katika sentensi yake maarufu ni truck. Watu hulinukuu dai hilo kama falsafa tupu. Mimi nalisoma pia kama maneno ya mtu aliyekulia mahali ambapo jambo hilo lilifanyika mlangoni mwa kila nyumba.

Sasa mfikirie mchuuzi katika nchi ya namna hiyo. Anatoka mjini na furushi mgongoni: sindano, uzi, vifungo, vitana, lesi, na vijitabu vya kurasa chache vya hadithi na nyimbo. Anafika kwenye nyumba ya mkulima. Mke wa mkulima anataka uzi na hana senti, lakini ana shati la kitani lililochakaa, ana uzi wa sufu aliousokota mwenyewe, ana mayai. Mchuuzi anachukua kinachobebeka. Akifika nyumba ya kumi, furushi lake si lile alilotoka nalo. Nusu ni vitu vipya, nusu ni vitu vilivyokwisha kuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo troggin inapotofautiana na maneno mengine ya Kiskoti ya bidhaa. Ware ni mali iliyotengenezwa ili iuzwe. Gudes, na geir pia, ni mali ya mtu kwa jumla, hata ng'ombe wamo. Troggin ni mali ambayo bei yake ni mali nyingine. Ningelazimishwa kuipa jina la Kiswahili ningeliacha neno bidhaa na kusogea karibu na mitumba: nalo lilikuwa jina la furushi tu, robota lililofungwa, kabla halijawa jina la nguo zilizovaliwa na wengine.

Kulikuwa na sababu nyingine ya wachuuzi hao kupenda matambara. Kabla ya karatasi kuanza kutengenezwa kwa miti katika karne ya 19, karatasi ilitokana na nguo kuukuu za kitani na pamba. Viwanda vya karatasi vilikuwepo kando ya mto Esk, kusini ya Edinburgh. Kile cha Valleyfield, Penicuik, kilianzishwa mwaka 1709. Shati lililotolewa ili kupata sindano lingeweza kuishia humo, na karatasi yake ikachapwa vijitabu vilevile ambavyo wachuuzi walivirudisha vijijini. Mmoja wa wachuuzi hao, Dougal Graham, alifuata jeshi la waasi wa mwaka 1745 waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, akatunga habari zake kwa mashairi na kuzichapisha mwaka uliofuata, na baadaye akawa mpiga kengele wa mji wa Glasgow. Biashara ya furushi ilikuwa pia biashara ya habari.

Turudi kwenye wimbo wa 1796, tuusome tukiwa na maana hiyo mkononi. Mchuuzi wa Burns anauza nini hasa? Biashara iliyovunjika ya Broughton, mmoja wa wapinzani wa Heron, anasema, imetengenezwa vizuri sana. Hiyo ni mali mbovu iliyotiwa viraka. Sifa ya bwana mkubwa inauzwa kwa bei ya bure kwa sababu inasemekana mali yenyewe ni ya wizi. Heshima ya bwana wa Balmaghie ilidondoka njiani, na mchuuzi kaiokota. Kuna vipande vya zile amri kumi za Mungu, ambavyo mwenyewe alitaka kuviondoa mikononi mwake. Vya kuibwa, vya kuokotwa, vilivyovunjika, vilivyokwisha hamu. Kisha, katikati ya takataka zote hizo, anatoa dhamiri safi inayoweza kumpamba mwana wa mfalme, na anaapa kwamba haijavaliwa hata siku moja.

Ukidhani troggin ni bidhaa tu, mstari huo ni sifa ya kawaida ya muuzaji: kitu kipya, kaka, hakijaguswa. Ukijua kwamba furushi la trogger hujaa vitu vilivyotumika, unacheka kwa sababu sahihi. Kitu kimoja tu humo ndani ni kipya, nacho ni dhamiri, kwa vile mwenye nayo hakuwahi kuitumia.

Mwishoni mchuuzi anaonya wateja wanaosita: Shetani mwenyewe amegeuka mchuuzi, naye atalinunua furushi zima. Neno la mchuuzi analompa Shetani ni chapman, neno la Kiingereza cha kale lenye hadhi kidogo. Kwa hiyo Shetani ndiye mnunuzi wa jumla, na trogger ni mchuuzi mdogo tu anayemtafutia mali. Sina hakika kama wapiga kura wa Kirkcudbright walisimama kulipima hilo, lakini Burns alikuwa na sikio la kupambanua maneno ya soko. Kazi yake ilikuwa afisa wa ushuru huko Dumfries. Mwaka 1792 alishiriki kuikamata meli ya magendo, Rosamond, katika pwani ya Solway. Pwani hiyo inatazamana na kisiwa cha Man, ambacho hadi Taji la Uingereza lilipokitwaa mwaka 1765 kilikuwa ghala kubwa la chai na brandi za magendo. Mtu anayeishi kwa kukagua mizigo ya watu anajua vizuri maana ya mali isiyoulizwa ilikotoka.

Mshindani wa troggin lilikuwa creamerie, nalo ni bidhaa za mchuuzi vilevile, lakini lilikuja kwa bahari. Limetokana na Kiholanzi kraam, kibanda cha sokoni, na njia yake ni biashara ya karne nyingi kati ya Uskoti na bandari za Uholanzi, hasa Veere. Edinburgh ilikuwa na vibanda vilivyobanana kwenye kuta za kanisa la St Giles, vikiitwa Krames. Majengo hayo yalibomolewa mwanzoni mwa karne ya 19. Creamerie ni neno la mtu aliyekaa na kusubiri wateja. Troggin ni la mtu aliyetembea.

Na kutembea huko kulilishusha cheo. Troke, kitenzi mama, kilizaa nomino trokes, ambayo mwanzoni ni vitu vidogo vya kubadilishana, kisha vikorokoro vya kila namna, kisha hata shughuli ndogo ndogo za kutumwa: nina trokes zangu mjini, asema mtu, yaani nina vijishughuli. Upande mwingine neno likawa uhusiano, na hasa uhusiano unaokataliwa. Kusema huna troke na fulani ni kusema humjui wala hutaki kumjua. Neno la mapatano likaishi zaidi katika kukana mapatano.

Kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa, ndugu yake wa Kiingereza alikuwa na sura mbaya zaidi. Truck huko ni mfumo wa malipo. Mvuvi alitakiwa kumpa samaki mwenye ardhi au mfanyabiashara wake, naye akalipwa kwa vitu vya dukani kupitia daftari la deni. Wanawake waliofuma shali na soksi za sufu walilipwa vivyo hivyo: majani ya chai, kitambaa, au karatasi ya kuchukulia vitu duka lilelile. Mwanamke akibaki na chai nyingi kuliko alivyohitaji, ilimbidi azunguke kuibadilisha kwa unga au viazi. Yaani mfumaji alilazimishwa kuwa trogger wa mshahara wake mwenyewe.

Bunge lilikuwa limepiga marufuku truck mwaka 1831, lakini sheria ile ilitaja kazi za viwanda na migodi, na visiwa vya wavuvi na wafumaji vikabaki nje. Tume iliyoongozwa na William Guthrie ilikwenda Shetland mwaka 1872 na kuandika maelfu ya maswali na majibu. Kwa mtu wa fani yangu hiyo ni hazina, maana wanaojibu ni wafumaji na wavuvi wenyewe. Sheria ya marekebisho ya mwaka 1887 ndiyo iliyotaja waziwazi vitu vilivyofumwa na mtu nyumbani kwake. Mazoea hayakukoma siku ile, lakini sasa aliyelipwa kwa chai alikuwa na pa kushtaki.

Troggin yenyewe leo utaikuta zaidi katika kamusi na katika wimbo wa Burns. Ndugu zake wamesambaa. Marekani, bustani ya mboga za kupeleka sokoni bado ina truck katika jina lake, kwa sababu mboga hizo zilikuwa mali ya kubadilisha. Ufaransa, lilikotoka, troc bado ni neno la kila siku, na duka lenye neno hilo mlangoni ni duka la vitu vilivyokwisha kutumika.