Joto Kupitiliza Katika Jiko la Gesi la Kubanikia Nyama: Dhana Potofu na Ukweli

Jiko la gesi la kubanikia nyama kwa moshi linapoletwa kwangu kwa malalamiko kwamba joto lake halishuki chini ya nyuzi 140 za Selsiasi, mara nyingi huwa limekwisha kufanyiwa jambo moja na mwenyewe kabla ya kunifikia: tundu la moshi la juu limezibwa. Wengine hufunga kifuniko chake kabisa, wengine hulisokotea karatasi ya alumini, na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakaziba hata matundu ya hewa yaliyo chini, karibu na kichomeo. Wote hutoa sababu ileile, kwamba moto hauwi mkali pasipo hewa, kwa hiyo ukiupunguzia hewa umelipunguza joto. Kwa kuwa hili ndilo kosa la hatari kuliko yote yanayofanywa na wenye majiko haya, nitakaa nalo kwanza kabla ya kuyagusa mengine.

Dhana hiyo imetoka kwenye jiko la mkaa, na huko ni sahihi. Mkaa wote huwa umo ndani tangu mwanzo, na hewa ndiyo inayoamua ni kiasi gani kitaungua kwa saa. Ukibana hewa, moto unapoa. Katika jiko la propani, yaani gesi ya mtungi, mwenye kuamua ni mwingine. Kiasi cha gesi kinachoingia kila dakika kimekwisha kupangwa na regyuleta inayopunguza shinikizo la gesi kutoka mtungini, koki ya jiko na jeti, kile kitundu chembamba kinachoipeleka gesi kwenye kichomeo, na kuziba tundu la juu hakubadilishi chochote katika hivyo vitatu. Gesi inaendelea kuingia kama ilivyokuwa ikiingia, ila hewa ya moto iliyokuwa ikitoka sasa inabaki ndani, kwa hiyo kwa kitambo joto hupanda badala ya kushuka. Mwenye jiko akiona hivyo hudhani hajaziba vya kutosha, naye huziba zaidi.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Ujazo mmoja wa propani huhitaji ujazo 5 wa oksijeni ili uungue wote, yaani takriban ujazo 24 wa hewa ya kawaida. Hewa ikipungua, sehemu ya kaboni iliyo katika gesi haiungui hadi mwisho. Hutoa masizi na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na huua. Dalili zinaonekana kwa macho ukiinama kutazama kichomeo: mwali wa buluu, mfupi na uliosimama wima, hugeuka kuwa wa manjano, ncha zake hurefuka na kuyumba, na mara nyingine huinamia upande ule hewa inakopenyea. Ukipitisha kidole chini ya karai la maji linalokaa kati ya kichomeo na nyama, jiko likiwa limepoa, kinatoka cheusi. Nyama nayo hushika uchungu unaoachwa na moshi uliokwama, na mwenye jiko huzilaumu kuni alizotumia kutoa moshi.

Ukiendelea kuziba, moto unazimika huku gesi ikiendelea kuingia. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, kwa hiyo haipai ikatoweka, bali hutuama chini ya jiko na sakafuni. Huanza kuweza kushika moto inapofikia asilimia 2 hivi ya hewa, kiwango ambacho kisanduku kidogo kilichofungwa hukifikia haraka. Kibanzi kimoja cha kuni chenye kaa la moto, au mkono unaobonyeza kiwashio ili kuuwasha upya moto uliozimika, kinatosha kulipua mlango. Kwa hiyo naomba jambo hili lishikwe bila mjadala: tundu la juu liachwe wazi tangu kuwasha hadi kuzima, matundu ya chini yasizibwe kamwe, na jiko litumike nje, si ndani ya nyumba wala ndani ya gereji. Moto ukizimika, funga gesi, fungua mlango wazi, subiri angalau dakika 5, kisha ndipo uwashe tena mlango ukiwa wazi vilevile.

Joto la jiko la gesi hupunguzwa kwenye gesi. Ugumu wa kweli, ambao nakubali kwamba wateja hawaubuni, ni kwamba majiko mengi hayashuki vya kutosha hata koki ikiwa kwenye alama ya chini kabisa. Kubanika taratibu kunataka nyuzi 107 hadi 121, lakini kiwango cha chini cha koki kimewekwa na kiwanda kwa kitundu kisichobadilika, tena kwa tahadhari, ili moto usizimwe na upepo siku ya baridi. Siku yenye jua na isiyo na upepo, kiasi hicho hicho cha gesi ni kingi mno. Baadhi ya koki huwa na skrubu ndogo ndani ya shina lake, inayoonekana ukichomoa kishikio, ambayo hupunguza kiwango hicho. Hiyo ni kazi ya fundi wa gesi. Zisizo nayo, dawa yake ni vali ya sindano, iliyothibitishwa kwa matumizi ya gesi, inayofungwa kwenye mpira wa gesi kati ya regyuleta na jiko. Kama mtengenezaji wa jiko lako amekataza kugusa mpira au regyuleta, mtii.

Vali ya sindano ndiyo kifaa ninachokipigia debe kuliko kingine chochote, kwa sababu inampa mtu uwezo wa kupunguza gesi kidogo kidogo mno, jambo ambalo koki ya kawaida haiwezi. Ikishafungwa, paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na ufungue gesi kabla ya kuwasha. Povu likitokea, kiungo kinavuja. Washa vali ikiwa wazi kabisa, acha jiko lipate moto kwa dakika 15, kisha zungusha kwa sehemu ndogo ya mzunguko na usiiguse tena mpaka dakika 10 au 15 zipite, kwa maana chuma, karai na nyama huchukua muda kupokea badiliko. Wanaoshindwa na vali hii karibu wote hushindwa kwa kukosa subira, wakiizungusha kila wanapokitupia jicho kipimajoto. Una mpaka mmoja wa kuuheshimu: mwali lazima uonekane kwenye matundu yote ya kichomeo. Gesi ikipunguzwa kupita kiasi, mwali unaweza kurudi nyuma ukawaka ndani ya bomba la kichomeo, karibu na jeti, na utausikia kwa mvumo wake kabla ya kuuona. Ukisikia hivyo, zima gesi na uache bomba lipoe.

Kuna wanaosema kwamba hawahitaji vali kwa kuwa wanaiweka koki kati ya alama ya kuzima na alama ya juu, pale gesi inapoanza tu kupita. Ni kweli kwamba moto huwa mdogo pale, lakini koki haikutengenezwa kukaa hapo. Mguso mdogo wa goti au mtikisiko wa jiko huirudisha kwenye kuzima, au huifungua ikawa kali, wakati wewe umelala. Wengine hubadilisha regyuleta wakaweka ya shinikizo kubwa inayozungushwa, wakidhani kwamba kwa kuwa inarekebishika itawapa moto mdogo. Jiko la shinikizo dogo lisifungwe regyuleta ya namna hiyo hata siku moja, kwa sababu jeti na koki yake havikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Na mtungi mkubwa haufanyi jiko liwake kwa ukali zaidi, kwa kuwa regyuleta ndiyo inayopanga shinikizo linalofika kwenye kichomeo.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, ni lazima kujua kama joto limepitiliza kweli. Kipimajoto cha mlangoni huaminiwa kama hati ya mahakama, ilhali husoma joto la hewa iliyo karibu na bati la mlango, mara nyingi juu kuliko wavu unaobeba nyama, na tofauti ya nyuzi 20 au zaidi si jambo la ajabu. Nunua kipimajoto cha dijitali chenye waya. Kichovye kwanza katika maji yaliyojaa barafu, ambako kinapaswa kusoma 0, kisha katika maji yanayochemka, ambako kinapaswa kusoma 100 kama uko usawa wa bahari, na pungufu kidogo kadiri unavyokaa mwinuko wa juu. Baadaye funga ncha yake kwenye wavu ulipo nyama, sentimita 4 au 5 kutoka kwenye nyama yenyewe bila kuigusa. Usiiweke pembeni kabisa mwa wavu: hewa ya moto kutoka kwenye kichomeo huzunguka karai na kupanda ikifuata kuta, kwa hiyo pembeni husoma joto lisiloifikia nyama iliyo katikati. Zaidi ya jiko moja nililoletewa kwa kupitiliza joto halikuwa na kasoro ila ya kipimajoto.

Karai la maji nalo lina dhana zake. Wapo wanaodhani kazi yake ni kuilainisha nyama tu, kwa hiyo huliacha likauke, kisha hushangaa joto likiruka katikati ya kazi. Kilo moja ya maji hunywa kilojuli 335 hivi kutoka nyuzi 20 hadi 100, na baada ya hapo hunywa 2,257 nyingine ili kugeuka mvuke. Joto hilo lote ni joto ambalo halikubaki jikoni. Maji yakiisha, kizuizi hicho kinaondoka na gesi ni ileile. Jaza karai kwa maji ya moto, likague kila baada ya saa moja au mbili, na uongeze maji ya moto vilevile. Mchanga unaowekwa badala ya maji hutuliza kupanda na kushuka kwa joto na hukinga nyama na mwako wa moja kwa moja, lakini ukishapata moto hauli chochote tena. Mwenye jiko linalopitiliza joto atumie maji.

Kuloweka vibanzi vya kuni ni desturi isiyostahili heshima inayopewa. Mbao haipitishi maji kwa kina kwa saa moja au mbili, na maji yaliyo juu hulazimika kuchemka kwanza kabla moshi haujatoka, kwa hiyo unachopata mwanzoni ni mvuke na ucheleweshaji. Yakishakauka, vibanzi hulipuka kwa moto kama vile havikulowekwa, na joto hupanda kwa makumi ya nyuzi kwa dakika chache. Kinachozuia mwako ni kuvinyima hewa vibanzi vyenyewe: viweke katika kisanduku cha chuma kizito chenye kifuniko, au uvifunge katika karatasi ya alumini iliyotobolewa vitundu viwili vitatu. Hapa, na hapa pekee, kubana hewa ni sahihi. Vipande vikubwa vya ukubwa wa ngumi huwaka taratibu kuliko vibanzi, nami ndivyo ninavyowashauri watu watumie.

Kuacha mlango wazi kidogo ili kupunguza joto hutoa joto kweli, lakini pia huingiza hewa kwenye kuni zikawaka, na hupeleka moshi wote nje. Vilevile usilihukumu jiko kwa kuliwasha likiwa tupu, bila nyama wala maji, kwa sababu nyama mbichi iliyotoka kwenye friji hunywa joto jingi na unyevu wake huendelea kulipoza jiko kwa saa kadhaa.

Huo unyevu ndio unaozaa kosa jingine. Kipande kikubwa kikifika nyuzi 65 hadi 75 kwa ndani, joto lake husimama, pengine kwa saa nyingi, kwa kuwa maji yanayotoka juu ya nyama huipoza kwa kasi ileile inayopashwa. Mtu hudhani moto umepungua, akaongeza gesi, na hapo jiko alilolituliza kwa shida hupanda hadi nyuzi 150, nje ya nyama ikaungua ndani ikiwa bado ngumu. Gesi isiguswe. Mwenye haraka aifunge nyama kwa karatasi ya alumini, uvukizi utapungua na joto la ndani litaanza kupanda tena.

Kuku ni habari tofauti, na wanaong'ang'ania kumbanika kwa nyuzi 110 hujisumbua bure. Hana mishipa migumu inayohitaji saa nyingi kulainika, na kwa joto dogo ngozi yake huwa kama mpira. Kwake jiko lililotulia kwenye nyuzi 140 au 150 halina kosa lolote: acha tundu la juu wazi, punguza maji kwenye karai, na umtoe pale kipimajoto kilichochomwa kwenye sehemu nene ya paja, bila kugusa mfupa, kinapokuwa kimefika angalau nyuzi 74.