Je, Wajua Kwa Nini Baadhi ya Wachezaji wa Tenisi Hushika Raketi kwa Mikono Miwili Pande Zote Mbili?

Mwaka 2013 Marion Bartoli wa Ufaransa alimshinda Sabine Lisicki wa Ujerumani kwa 6-1 na 6-4 katika fainali ya wanawake ya Wimbledon, akatwaa taji bila kupoteza seti hata moja tangu mashindano yaanze. Katika mashindano hayohayo, ubingwa wa wanawake wawili wawili ulichukuliwa na Hsieh Su-wei wa Taiwan na Peng Shuai wa China. Wanawake hawa watatu walikuwa na jambo moja ambalo mtoto yeyote akilifanya mbele ya mwalimu wa tenisi leo, huenda akasahihishwa kabla mpira haujavuka wavu: walishika raketi kwa mikono miwili upande wa kulia na upande wa kushoto pia.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, ni vyema kueleza kwamba mchezaji ana mipigo mikuu miwili ya mpira uliokwisha kudunda. Upo mpigo wa upande wa mkono wake anaoutumia, unaoitwa fohendi, na upo wa upande wa pili, ambapo mkono huo hulazimika kukata mbele ya kifua, unaoitwa bekihendi. Bekihendi ya mikono miwili imeenea kiasi kwamba siku hizi ya mkono mmoja ndiyo inayoshangaza watu. Fohendi, kwa upande wake, hupigwa kwa mkono mmoja na karibu kila mtu, kwa sababu mkono upo upande huohuo ambao mpira unakuja, na hakuna kinachouzuia. Swali basi ni hili: kwa nini mchezaji wa kiwango cha juu aongeze mkono wa pili mahali ambapo haonekani kuuhitaji?

Sheria haina neno juu ya hilo. Kanuni za tenisi hupima raketi, isizidi urefu wa sentimita 73.7 wala upana wa sentimita 31.7, na humkataza mchezaji kutumia raketi zaidi ya moja wakati mpira unachezwa, lakini hazisemi popote ni mikono mingapi ishike mpini. Kinachomzuia mchezaji ni mwili wake mwenyewe, na hilo unaweza kulithibitisha nyumbani. Chukua fagio la mpini mrefu, simama sebuleni, ulinyooshe upande wa kulia kwa mkono wa kulia peke yake, kisha utie alama mahali ncha ilipofika. Sasa, bila kuisogeza miguu, weka na mkono wa kushoto juu ya mpini karibu na ule wa kulia. Utaona bega la kushoto linavutwa mbele ya kifua, kiuno kinageuka, na ncha ya fagio inarudi nyuma ya alama yako. Sehemu hiyo iliyopotea ndiyo gharama ya mpigo huu, na katika uwanja wenye upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja, mchezaji huilipa kwa miguu kila mpira unapokwenda pembeni.

Faida yake huonekana raketi inapokutana na mpira. Aliyewahi kufyeka kwa panga na kulima kwa jembe anaijua tofauti hii mikononi mwake: panga la mkono mmoja huenda mbali na huenda kasi, lakini likigonga kisiki hugeuka mkononi, ilhali jembe la mikono miwili, hata likigonga jiwe, halitoki kwenye njia yake kwa urahisi. Mpira mzito ukitua nje ya kitovu cha nyuzi hujaribu kuipindua raketi. Kifundo kimoja cha mkono huyumba, viwili huhimili. Kwa hiyo anayetumia mikono miwili anaweza kuupiga mpira mapema, ungali unapanda baada ya kudunda, bila kuivuta raketi mbali nyuma, na bado akaupeleka anakotaka. Akiupiga mapema, humnyima mpinzani muda. Mpinzani asiye na muda hawezi kumkimbiza pembeni kila mara, na hivyo sehemu ya ile gharama ya fagio hurudi kwa njia nyingine.

Hayo ni maelezo ya mtu mzima anayeutazama mpigo ukiwa umekwisha kukomaa. Mimi naona asili yake ni nyepesi zaidi, maana ukifuatilia maisha ya waliosifika kwa mpigo huo, mara nyingi unafika kwa mtoto mdogo na raketi iliyomzidi nguvu.

Pancho Segura alizaliwa Guayaquil, Ekuado, mwaka 1921, katika familia maskini, na baba yake alikuwa mtunzaji wa klabu ya tenisi ya mji huo. Utotoni aliugua matege, ugonjwa wa mifupa uliomwacha na miguu iliyopinda maisha yake yote. Mtoto dhaifu wa namna hiyo, akiwa na raketi ya mbao ya mtu mzima, hakuwa na njia nyingine ila kuishika kwa mikono yote miwili, na hakuna mwalimu aliyekuwa akilipwa ili amwambie asifanye hivyo. Akiwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Miami, alitwaa ubingwa wa vyuo mara tatu mfululizo, kuanzia 1943 hadi 1945, kisha akaingia katika tenisi ya kulipwa. Jack Kramer, aliyekuwa bingwa mkubwa wa zama hizo na aliyekabiliana naye mara nyingi, aliandika baadaye kwamba fohendi ya mikono miwili ya Segura ndiyo mpigo bora kuliko wowote katika historia ya mchezo huu. Hakusema ndiyo bora miongoni mwa mipigo ya ajabu. Alisema ndiyo bora kuliko yote.

Monica Seles aliipokea raketi kwa namna inayofanana na hiyo. Alizaliwa Novi Sad, Yugoslavia ya wakati huo, mwaka 1973, na baba yake, Karolj, alikuwa mchora vibonzo. Baba huyo ndiye aliyemfundisha, na alikuwa akimchorea picha kwenye mipira ili binti apate hamu ya kuipiga. Seles ni wa mashoto. Alipokuwa akipiga bekihendi, mkono wa kushoto ulikaa chini ya mpini na wa kulia juu yake, kama ilivyo kawaida kwa mtu wa mashoto. Na alipogeukia fohendi, hakuibadilisha mikono, akaiacha vilevile, ikawa imepishana. Ukiijaribu kwa fagio lako utahisi kana kwamba umefungwa kamba.

Hata hivyo, kuna hesabu ndani ya ukaidi huo. Mpira wa kuanzisha unaopigwa kwa nguvu humfikia mpokeaji kwa muda unaozidi nusu sekunde kidogo tu, na mchezaji wa kawaida, ndani ya muda huo, hulazimika kuamua upande, kugeuza mshiko wa mpini na kuanza kuzungusha raketi. Seles hakuwa na mshiko wa kugeuza. Kazi mojawapo kati ya hizo tatu aliifuta kabisa, na ndiyo maana aliweza kusimama karibu na mstari wa nyuma, au hata ndani yake, akaurudisha mpira kwa pembe kali kabla mpinzani hajamaliza kujiweka sawa. Mwaka 1990 alitwaa ubingwa wa Ufaransa kwa kumshinda Steffi Graf, akiwa na umri wa miaka 16 na miezi sita, na hakuna aliyewahi kulitwaa taji hilo akiwa mdogo kuliko yeye. Kati ya mataji yake tisa makubwa ya mchezo wa mmoja mmoja, manane aliyapata kabla ya mtu mmoja kumchoma kisu uwanjani mjini Hamburg, tarehe 30 Aprili 1993.

Bartoli ni mtoto wa Seles kwa maana fulani. Baba yake, Walter, alikuwa daktari ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa, naye alichukua mpigo huo kutoka kwa Seles baada ya kuitazama fainali ya Ufaransa ya 1992, ambayo Seles alimshinda Graf 10-8 katika seti ya mwisho. Mazoezi yao yalifanyika Retournac, mji mdogo wa Ufaransa, katika ukumbi ambao ukuta wake ulikuwa karibu mno na mstari wa nyuma. Mtoto aliyetaka kurudi nyuma ili ausubiri mpira ushuke aligongana na ukuta. Njia iliyobaki ilikuwa kusonga mbele na kuupiga ukipanda, jambo ambalo mikono miwili hulirahisisha. Wakati watazamaji wa Wimbledon walipomwona akiupokea mpira wa kuanzisha huku amesimama ndani ya uwanja, walidhani ni ujasiri wa kupindukia. Kwa kiasi kikubwa ilikuwa ni tabia iliyofinyangwa na ukuta wa Retournac.

Si kila mwenye mikono miwili huupiga mpira kwa nguvu bapa kama Seles na Bartoli. Fabrice Santoro, Mfaransa aliyezaliwa Tahiti mwaka 1972, aliitumia mikono yake kwa kazi iliyo kinyume kabisa: kuupoza mpira. Hata fohendi ya kukata, ambayo wengine hutumia mkono mmoja kuichanja chini ya mpira, yeye aliipiga kwa miwili, na kwa kuwa raketi yake ilikuwa imetulia mbele ya mwili hadi dakika ya mwisho, mpinzani hakujua kama unakuja mpira mrefu, mfupi wa kudondoka karibu na wavu, au wa juu wa kumpita kichwani. Pete Sampras ndiye aliyemwita mchawi, na jina hilo likamganda. Marat Safin, mtu wa futi sita na zaidi aliyewahi kuwa nambari moja duniani, alikutana na Santoro mara tisa na kushindwa saba. Uvumilivu nao haukumpungukia Santoro: mwaka 2004, katika raundi ya kwanza ya mashindano ya Ufaransa, alimshinda Arnaud Clément 16-14 katika seti ya tano, baada ya saa 6 na dakika 33 zilizochezwa kwa siku mbili. Ilikuwa mechi ndefu kuliko zote zilizowahi kurekodiwa hadi wakati huo, na rekodi yake ilikuja kuvunjwa Wimbledon mwaka 2010.

Santoro anatuonyesha pia mahali ambapo gharama ya mpigo huu hupungua. Katika mchezo wa mmoja mmoja alitwaa mataji sita tu, lakini katika mchezo wa wawili wawili alipata zaidi ya ishirini, yakiwemo ya Australia ya 2003 na 2004 pamoja na Michaël Llodra. Sababu haifichiki. Mchezaji mwenye mwenzake hahitaji kuulinda uwanja mzima, hivyo ile sehemu ya fagio iliyopotea haimuumizi sana, huku uwezo wa kuficha mpigo na kurudisha mpira kwa haraka ukibaki wote. Frew McMillan wa Afrika Kusini alijijengea sifa yake hapo. Byron Black wa Zimbabwe, aliyekuwa akitumia mikono miwili pande zote, alitwaa ubingwa wa Ufaransa wa wawili wawili mwaka 1994 na akafika nafasi ya kwanza duniani katika mchezo huo mwaka huohuo. Hsieh naye, ingawa alimtoa Simona Halep, nambari moja wa dunia, Wimbledon 2018 katika mchezo wa mmoja mmoja, mataji yake makubwa ameyavuna akiwa na mwenzake.

Kama mpigo huu unafaa hivyo, mbona haukuenea? Bekihendi ya mikono miwili nayo iliwahi kuwa kichekesho. Vivian McGrath wa Australia aliitumia akawa bingwa wa nchi yake mwaka 1937, na bado ilionekana ni kioja, mpaka Jimmy Connors, Björn Borg na Chris Evert walipoitumia kushinda kila mahali katika miaka ya 1970, watoto wakaiga. Fohendi ya mikono miwili haikupata mkumbo wa namna hiyo. Sababu mojawapo ni ya kiufundi na ina uzito: fohendi ya kisasa hutegemea kifundo cha mkono kilicholegea, kinachoifanya raketi ibaki nyuma kisha ifyatuke kama mjeledi, ikiupa mpira mzunguko unaoufanya uzame ghafla ndani ya mstari. Mkono wa pili huubana mjeledi huo.

Sababu nyingine haina uhusiano wowote na misuli. Tangu mwaka 2012, kanuni za kimataifa haziruhusu mpira wa kawaida wa manjano kutumika katika mashindano ya watoto wa miaka kumi na chini; wao hutumia mipira laini inayodunda polepole, na raketi zao ni fupi na nyepesi. Mtoto wa umri aliokuwa nao Seles alipoanza hana tena haja ya kuuita mkono wa pili umsaidie. Na anayeuita hata hivyo hukutana na mtu mzima mwenye hoja. Rafael Nadal alipokuwa mdogo huko Majorca alipiga pande zote mbili kwa mikono miwili, na ami yake Toni, aliyekuwa akimfundisha, ndiye aliyemwambia aache, kwa maelezo kwamba wanaume walio kileleni hawachezi hivyo na wao wawili hawakuwa na sababu ya kuwa wa kwanza.