Vifupisho visivyo na irabu: jinsi Vim yangu inavyoandika Kiswahili cha ofisini

Hesabu nami herufi za jina hili: Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Ukijumlisha nafasi na ule mkwaju wa katikati, ni 39. Kazi yangu hapa Mwanga ni kuandika programu, lakini nusu ya wiki huishia kwenye mihtasari ya vikao na barua rasmi za wateja, na jina hilo linarudi ukurasa baada ya ukurasa. Siku hizi nabonyeza herufi tatu tu, hmk, kisha nafasi, na jina lote linajiandika. Vidole vyangu vilikuwa vikifa ganzi kila jioni, ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Natumia Vim, programu ya kuandika na kuhariri maandishi kwa kibodi. Mipangilio yake hukaa kwenye faili moja liitwalo .vimrc, ndani ya folda yako kuu. Ongeza mstari huu, hifadhi, funga programu na uifungue upya:

iabbrev hmk Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji

Kifupisho hufunguka pale unapobonyeza kitu kinachomaliza neno: nafasi, koma, nukta au Enter. Kikiwa katikati ya neno jingine hakiguswi. Kumbuka pia kwamba Vim hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo Hmk kwake si hmk.

Ugumu uko kwenye kuchagua herufi. Mwanzoni nilifuata mifano ya watu wanaoandika Kiingereza, nikajikuta nakata maneno ovyo. Nikaifanya km kuwa "kama ilivyoelezwa", maneno ninayoyatumia sana. Mwezi uleule nikaandika ripoti ya ukarabati wa barabara. Kila palipokuwa na "km 12" pakasomeka "kama ilivyoelezwa 12", na nakala zilikuwa zimeshachapwa na kufika kwa mteja. Nilirudia kazi nzima kwa gharama yangu, na tangu hapo sikubali kifupisho ambacho tayari kina maana kwenye karatasi za ofisini: km, kg, sh, nk, mf.

Baada ya hapo nikatulia na kuitazama lugha yenyewe. Neno la Kiswahili karibu siku zote huishia kwa irabu. Yapo machache kama "maalum", lakini hata hayo yana irabu ndani. Basi ukiondoa irabu zote, unachobaki nacho si neno la Kiswahili, na hakiwezi kugongana na neno lolote utakalotaka kuandika. Tarehe ni trh. Mwenyekiti ni mwkt. Hiyo ndiyo kanuni yangu, nami naiamini kuliko orodha yoyote ya vifupisho niliyowahi kuona.

Kanuni hiyo ina mwenzake. Kwetu wingi uko mwanzoni mwa neno, nayo Vim haiwezi kubandika "wa" mbele ya kifupisho, kwa kuwa inalitaka neno zima. Kwa hiyo konsonanti ya ngeli naiacha mahali pake: mjb ni mjumbe, wjb ni wajumbe; kfg ni kifungu, vfg ni vifungu. Huna cha kukariri hapo. Ulimi unaijua ngeli kabla kidole hakijafika kwenye kibodi.

Kifupisho trh hunipa tarehe yenyewe ya leo, kwa mstari huu:

iabbrev <expr> trh strftime("%d/%m/%Y")

Ukitaka kifupisho kibaki kama kilivyo, bonyeza Ctrl-V kabla ya ile nafasi.

Kitufe kingine kilichonichosha ni Esc, ambacho Vim hukidai kila unapoacha kuandika na kuanza kuhariri. Asili ya Vim ni vi, programu aliyoianza Bill Joy mwaka 1976 kwenye mashine iitwayo ADM-3A. Kwenye kibodi ile Esc ilikaa pale tulipo na Tab leo, karibu kabisa na kidole. Kibodi zikabadilika, programu ikabaki na desturi yake. Mimi nimeandika mstari huu, ili j na k zikifuatana zifanye kazi ya Esc:

inoremap jk <Esc>

Hakuna neno la Kiswahili lenye j na k zilizofuatana. Herufi za Rais mstaafu Jakaya Kikwete huandikwa kwa herufi kubwa, nazo hazisumbuliwi.

Kijana anayejifunza kazi kwangu alipoifungua Vim mara ya kwanza aliniuliza, "Kaka, mbona hapa wanataja watoto wa Uganda?" Ni kweli, ujumbe huo upo kwenye ukurasa wa kwanza. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, na hadi alipofariki Agosti 2023 aliwaomba wanaoipenda programu yake wawasaidie watoto wa huko. Hakudai malipo mengine. Nilimweleza kijana polepole, kwa sababu nataka ajue kwamba chombo anachokishika kina mtu nyuma yake.

Orodha ya mahudhurio sifanyii vifupisho. Nabonyeza qa ili Vim ianze kurekodi vitufe vyangu, narekebisha mstari mmoja kama ninavyoutaka na kushuka wa pili, nafunga rekodi kwa q, kisha 20@a inairudia mara ishirini na kumaliza mistari ishirini iliyobaki.

Usinakili .vimrc ya mtu mwingine nzimanzima, hata hii yangu. Chukua barua tano ulizoandika mwezi huu, tafuta maneno marefu yanayojirudia, uanze na matatu. Yakishakaa vidoleni, ongeza la nne. Wiki hii mimi naongeza kzzm, "Kikao kiliazimia kwamba", na kijana wangu ameniomba nimwachie yeye auandike mstari huo.