Kabla ya kuizima seva, soma logi

Simu huja hivi: "Mfumo umegoma tangu saa tatu asubuhi." Fundi wa Wete au Mkoani, huku Pemba, watu wamempangia foleni mlangoni, huizima seva na kuiwasha. Mfumo unarudi, kila mtu anashukuru, na siku ya tatu unagoma tena.

Mafundi wenzangu wa maofisini na skuli, nakuombeni: kabla ya kugusa kitufe, someni logi. Ni faili ambamo seva huandika kila tukio, mstari kwa mstari, pamoja na tarehe na saa. Kwenye Linux aghalabu hukaa ndani ya /var/log. Msilifungue kwa programu ya kuandikia. Faili la gigabaiti kadhaa laweza kuimaliza memori ya mashine ambayo tayari inahema. Tumieni amri ya kusomea iitwayo less, ambayo haipakii faili zima. G kubwa hukupeleka mwisho, g ndogo mwanzo, / hutafuta neno, q hukutoa.

Wengi hupotelea kwenye saa. Seva nyingi huandika kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Andika amri ya date uone yako inafuata ipi. Mtumiaji naye anataja saa ya Kiswahili. Saa tatu yake ya asubuhi ni 09:00 ya hapa, na ndani ya logi ni 06:00. Kwa saa za mchana, basi, ongeza 3: saa nane mchana ni 11:00. Usiku ongeza 15 (ikifika 24 au kuzidi, toa 24), na angalia tarehe pia, kwani saa saba usiku wa kuamkia Jumatano imeandikwa 22:00 ya Jumanne. Nimeona fundi hodari akisoma mistari ya saa isiyohusika asubuhi nzima, akaapa kuwa seva haina kosa.

Ukishapata saa, chuja kwa grep, amri ya Ken Thompson ya mwaka 1973 ambayo hadi leo sijaona ya kuipita kwa kazi hii. Kwa seva ya tovuti inayotumia programu ya nginx, ambayo huandika maombi ya watumiaji ndani ya access.log na makosa ndani ya error.log:

grep '12/Mar/2025:06:0' access.log | grep '" 500 ' | less

Sifuri ya mwisho baada ya 06: inachukua dakika 10 za mwanzo, 06:00 hadi 06:09. Alama ya | inapokeza matokeo kwa amri inayofuata. Namba 500 ni kosa la ndani ya seva. Kisha nenda error.log, dakika zile zile, ukiongeza -B 5 upate na mistari mitano ya juu, maana chanzo mara nyingi hutangulia kilio. Ukikuta "No space left on device", diski imejaa. Hakikisha kwa df -h, inayoonesha nafasi iliyobaki. Kuwasha upya huachia nafasi ya mafaili yaliyofutwa lakini bado yameshikwa na programu, ndiyo maana mfumo hupona siku mbili tu.

Logi za zamani hubadilishwa jina na kubanwa kuwa .gz, hizo zisome kwa zgrep.

Kosa likiwa bado linaendelea, andika tail -F error.log, inayoonesha mistari mipya kila inapoandikwa, mwambie aliyepiga simu ajaribu tena, na usikate simu. Mstari wake utashuka mbele ya macho yako.